Kabla ya rangi mpya, kagua paipu za hiyo Beetle

Umepata Volkswagen Beetle ya miaka ya sabini kwa bei poa, na tayari unaota rangi mpya na picha za Instagram. Tulia kwanza, msee. Pesa ya kwanza iende kwa paipu za petroli na za breki.

Kwa Beetle, tangi liko mbele na injini iko nyuma. Petroli hupitia paipu ya chuma ndani ya uti wa gari, kisha hosi fupi za mpira huifikisha kwenye pampu na kabureta. Hosi hizo ndizo za kuogopwa. Joto la injini huzikausha hadi zinapasuka, na distribyuta iko karibu hapo na cheche zake. Bloku ya injini ina magnesiamu. Ikishika moto, ndoo ya maji itauchochea tu.

Ukienda kusaka hosi Kirinyaga Road, beba kipande cha ile kuukuu. Paipu za gari hili ni za milimita, kwa hivyo hosi ya kipimo cha inchi inaweza kulegea hata ukiibana kwa klipu. Na hosi ya maji usithubutu, petroli itaila.

Breki sasa. Hosi za magurudumu huvimba kwa ndani: ukikanyaga, mafuta yanapita, ukiachilia hayarudi vizuri, na gari linavuta upande mmoja. Kwa nje zinakaa fiti kabisa! Paipu za chuma nazo huliwa na kutu hata kutoka ndani, kwani mafuta ya breki hunyonya unyevu. Beetle kuukuu zaidi zina mfumo mmoja wa breki kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikipasuka, unabaki na handibreki na maombi.

Mwambie fundi atumie paipu za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hupindika kirahisi na hazishiki kutu. Shaba tupu achana nayo, mtetemo huichosha mpaka ikatike. Mdomo wa paipu ufinyangwe kwa umbo la ule wa zamani, la sivyo utavuja.

Kutoa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Usukani ukiwa kulia, hilo ni la nyuma kushoto. Mwenzako akanyage, wewe ulegeze nati, kisha uikaze kabla hajaachilia pedali. Mafuta yakimwagikia bodi, osha chap chap, yanakula rangi. Halafu zunguka mtaani polepole, rudi, lala chini na tochi. Kiungo chochote kinachotoa jasho, kirudie.