KANISA NI MAWE AU NI WATU?

Mtu akiulizwa kanisa ni nini, aghalabu hunyosha kidole. Atakuonyesha jumba lenye msalaba juu ya paa na kengele pembeni. Lakini mtu huyo huyo atakwambia kwamba "Kanisa limekataa" au "Kanisa limesema", na hapo hana habari ya jumba lolote, maana mawe hayasemi. Wakatoliki waandikapo Kiswahili hujaribu kuyatenga mambo haya mawili kwa herufi: jengo huandikwa kwa "k" ndogo na watu kwa "K" kubwa. Shida ni kwamba masikio hayasikii herufi kubwa.

Hebu tulifuate neno lenyewe lilikotoka. Kiswahili kililichukua kwa Waarabu, na Waarabu nao walilipata katika Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, na asili yake ni kukusanyika. Ni jamaa ya neno Knesset, ambalo Waisraeli huliita bunge lao. Waandishi wa Agano Jipya nao, kwa Kigiriki chao, walisema ekklesia, yaani mkutano wa watu walioitwa. Kwa hiyo Mswahili anaposema kanisa anasema mkusanyiko, ajue asijue.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa karibu miaka 300 Wakristo walikutana zaidi majumbani mwa watu. Huko Dura-Europos, nchini Syria, wachimbaji walifukua nyumba ya kawaida ya karne ya 3 ambayo vyumba vyake vilikuwa vimegeuzwa kuwa mahali pa ibada na pa ubatizo. Baada ya mwaka wa 313, mfalme Constantine alipowapa uhuru, walianza kujenga majumba makubwa. Jambo la kutazama ni kwamba hawakuiga mahekalu ya Kirumi. Hekalu lilikuwa nyumba ya sanamu, na umati ulisimama nje. Wao waliiga basilika, ukumbi mpana wa mahakama na biashara, kwa sababu walihitaji nafasi ya watu ndani.

Je, jengo laweza kudumu bila ya watu? Nenda Malindi. Pale kipo kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti, kilichojengwa karne ya 16. Mtakatifu Francis Xavier alipita mji huo mwaka wa 1542 akielekea Bara Hindi. Waliosali humo zamani hizo wametoweka, na kikanisa kimebaki kuwa ukumbusho wa taifa unaotazamwa na watalii. Wakatoliki wa Malindi wa leo, wenye jimbo lao tangu mwaka wa 2000, walizaliwa na kazi nyingine ya baadaye kabisa.

Na watu je, waweza kudumu bila ya jengo na hata bila ya padri? Jibu liko Uganda. Mwezi wa Novemba 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda wakavuka kwenda kusini ya ziwa. Waliporudi Julai 1885 hawakukuta magofu. Walikuta waumini wameongezeka. Wakristo wenyewe, wakiongozwa na watu kama Joseph Mukasa Balikuddembe aliyetumika katika jumba la Kabaka, walikuwa wamefundishana na kusali pamoja. Mukasa aliuawa Novemba mwaka huo huo, na wengi wa wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu Mashahidi wa Uganda 22 mnamo Oktoba 18, 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano unaendelea.

Mwezi mmoja tu baadaye, Novemba 21, Mtaguso huo ukatoa hati yake juu ya Kanisa, iitwayo Lumen Gentium. Mpango wa sura zake ulikuwa habari kubwa kupita maneno mengi yaliyomo: sura ya Taifa la Mungu iliwekwa mbele ya sura ya maaskofu. Hata sheria za Kanisa zilizotolewa mwaka wa 1983 zinaieleza parokia kuwa ni jumuiya ya waamini, si kipande cha ardhi chenye nyumba ya padri.

MAFUTA YALE YALE

Ila tusikimbilie kusema kwamba jengo si kitu. Usemi huo siku hizi umekuwa rahisi mno mdomoni, na kwa Mkatoliki si kweli. Tazama kanisa jipya linavyowekwa wakfu. Askofu huanza kwa maji. Huwanyunyizia watu kwanza, kisha kuta. Baadaye huimwagia altare mafuta ya krisma na kuipaka kwa mikono yake, halafu huzipaka kuta mahali 12 au mahali 4 penye misalaba. Chini ya altare huweza kuzikwa masalia ya watakatifu. Ndipo ubani huwashwa, na mishumaa baada yake.

Krisma hiyo ndiyo aliyopakwa mtoto utosini siku ya ubatizo wake, na ndiyo atakayopakwa kwenye paji la uso siku ya kipaimara. Ukuta hubatizwa kama mtu, unaweza kusema, ingawa wataalamu wa liturujia hawatapenda nikisema hivyo. Mtume Petro katika waraka wake wa kwanza aliwafananisha waumini na mawe yenye uhai. Katika ibada hii mawe yasiyo na uhai nayo yanafananishwa na waumini. Kila upande unamweleza mwenziwe.

Isitoshe, kuna taa ndogo inayowaka usiku na mchana karibu na tabernakulo. Wakatoliki huamini kwamba Kristo yumo humo katika Ekaristi, hata kanisa likiwa tupu. Ndiyo sababu mama anayetoka sokoni Nairobi huingia katika Basilika la Familia Takatifu mchana, akapiga goti, akakaa dakika tano bila ya kusema na mtu. Jumba hilo, lililochorwa na Bi. Dorothy Hughes na kumalizika mwaka wa 1963, haliwi ukumbi wa mikutano misa inapokwisha.

Mwaka wa 2020 jambo hili lilipimwa. Mwezi wa Machi milango ilifungwa kwa sababu ya korona. Watu walisali nyumbani, wakatazama misa katika televisheni, na Kanisa halikufa. Lakini hawakuweza kula Ekaristi kupitia kioo. Milango ilipofunguliwa Julai kwa watu 100 kwa saa moja, wenye umri zaidi ya miaka 58 wakakatazwa, na hao ndio wengi waliochangia matofali ya makanisa hayo tangu yalipokuwa ya mabanzi. Wazee waliona uchungu, na haki yao.

NI NANI ALIYEJENGA?

Hapo ndipo swali la mawe na watu linapogeuka kuwa swali la fedha. Novemba 2024 Rais William Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole. Alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na baraza la parokia, na milioni 2 za nyumba ya mapadri, akaahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Siku ya pili yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba fedha zitarudishwa na ahadi haitapokewa, kwa sababu Kanisa lisitumiwe kwa siasa. Siku chache kabla, maaskofu walikuwa wameilaumu serikali waziwazi.

Wapo waliosema askofu mkuu aliwanyima maskini wa Kayole. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mtaa ule hauna matajiri. Lakini mimi naona alilinda kitu ambacho hundi haikinunui. Jengo linalopanda kwa debe la mchanga la huyu na shilingi 50 za yule huchelewa miaka, ila kila mmoja akiingia anajua tofali lake liko wapi. Lililopanda kwa mkono wa mtu mmoja lina mwenyewe, na Jumapili akija huachiwa kiti cha mbele na kipaza sauti.

Maaskofu wa Afrika Mashariki waliliona jambo hili mapema. Walipokutana Nairobi mwaka wa 1973, na tena mwaka wa 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndizo ziwe msingi wa kazi yao. Jumuiya haina jumba. Hukutana nyumba kwa nyumba katikati ya wiki, husoma masomo ya Jumapili, hutembelea wagonjwa, huchanga kwa ajili ya maziko. Katika parokia nyingi mtoto habatizwi mpaka jumuiya imwambie padri kwamba wazazi wake wanajulikana.

Na vijijini viko vigango vingi ambavyo padri huvifikia mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine katekista huongoza sala, mara nyingi katika darasa la shule ya msingi. Siku padri anapokuja, meza ya mwalimu hutandikwa kitambaa cheupe na kuwa altare. Misa ikiisha kitambaa hukunjwa, mama mmoja hukipeleka kwake kukifua, na Jumatatu asubuhi watoto hukusanya daftari zao za hesabu juu ya meza ile ile.