Dawa Zinazoilazimisha Seli ya Saratani Ijiue

Seli za mwili zina uwezo wa kujiua. Katika utando wa ndani wa utumbo mpana jambo hili hutokea kila siku: seli zilizochakaa huondoka na mpya hushika nafasi zake. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliupa mchakato huo jina la apoptosisi. Saratani hukua pale seli zinapokaidi utaratibu huu. Mwaka 2020 saratani ya utumbo mpana iligunduliwa kwa watu karibu milioni 1.9 duniani, na zaidi ya 900,000 walifariki kutokana nayo.

Ukaidi huo mara nyingi hutokana na vimeng'enya viitwavyo kinesi, ambavyo mwili wa binadamu una aina zaidi ya 500. Kinesi huchukua fosfati kutoka kwenye ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Protini hiyo huwashwa, huzimwa, au hutiwa alama ya kuharibiwa. Amri ya kugawanyika hupokewa juu ya seli na kipokezi kiitwacho EGFR, ikapitia protini za RAS, RAF na MEK hadi kinesi ya ERK. Hapa ndipo penye siri kubwa: ERK hubandika fosfati kwenye BIM, protini yenye kazi ya kuiua seli, nayo BIM huharibiwa kabla haijatenda lolote.

Dawa nyingi za kuzuia kinesi hujipachika mahali ambapo ATP ilipaswa kukaa. ERK ikinyamazishwa, BIM huongezeka na kuzishinda nguvu protini za kundi la BCL-2 zinazoilinda seli. Protini za BAX na BAK hupata nafasi ya kutoboa utando wa nje wa mitokondria. Protini ya saitokromu c huvuja, huamsha kimeng'enya kiitwacho kaspesi ya 9, nayo huamsha kaspesi ya 3, inayozikatakata protini za seli. Seli husinyaa, humeguka vipande, na vipande humezwa na seli jirani. Dawa yenyewe haiui. Huondoa kizuizi tu. Regorafenib, dawa ya kuzuia kinesi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, imeonekana maabara ikiongeza PUMA, protini nyingine ya kuua.

Lakini seli za saratani ya utumbo ni sugu. Takriban asilimia 8 hadi 10 ya wagonjwa ambao saratani yao imesambaa wana badiliko la BRAF, mojawapo ya kinesi za RAF, liitwalo V600E. Vemurafenib, inayozuia BRAF, ilipunguza uvimbe kwa karibu nusu ya wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi, wenye badiliko hilohilo. Kwenye utumbo ilisaidia wachache mno. Mwaka 2012 watafiti wa Amsterdam wakiongozwa na René Bernards walieleza sababu: BRAF ikizibwa, EGFR huamka na kuiwasha njia upya. Ni ugunduzi wa thamani kubwa, kwani ulionyesha kwamba milango miwili izibwe kwa pamoja.

Jaribio la BEACON, lenye wagonjwa 665, lilifuata njia hiyo. Waliopewa encorafenib, inayozuia BRAF, pamoja na cetuximab, kingamwili inayozuia EGFR, waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 8.4, ikilinganishwa na 5.4 kwa waliopata tiba ya kawaida. Marekani iliidhinisha mseto huo mwaka 2020. Nyongeza hiyo bado ni ndogo, na humfikia tu mgonjwa ambaye uvimbe wake umepimwa jeni na kukutwa na V600E. Kwa hiyo kipimo hicho kinastahili kufanywa kabla ya kuchagua dawa.