Usafi wa Kitongoji ni Kazi Yetu Sote

Wengi wetu hufagia ua kila asubuhi. Lakini usafi wa nyumba moja hautoshi. Mbu wa dimbwi la jirani huwauma watoto wako pia. Nzi wa choo kibovu hajui mpaka wa ua.

Je, tufanye nini? Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kujifunza. Walisikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Choo kilichochimbwa kwa kuogopa faini hugeuka stoo. Choo ambacho mwenyewe ameona faida yake hutumiwa.

Nasi tuanze hivi. Kwanza, tukutane kitongojini, wanawake kwa wanaume. Wachotao maji ndio wajuao hali ya kisima. Pili, tuzunguke pamoja, tuone palipo na madimbwi, takataka au nyumba isiyo na choo. Tatu, tugawane kazi na kupanga siku.

Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Maji yaliyotuama katika makopo na matairi tuyamwage kila wiki, kabla viluwiluwi havijawa mbu. Mzee asiye na nguvu tumchimbie choo.

Ndugu msomaji, baada ya mwezi mmoja mzunguke tena. Kazi iliyobaki ijadiliwe, imalizwe.