Mpiga Picha wa Hospitali na Swali Analouliza

Katika kazi za hospitali iko moja ambayo watu wengi huiona wala hawaijui. Nayo ni kazi ya yule apigaye picha za ndani ya mwili, kwa eksirei na kwa mitambo mingine iliyokuja baada yake. Mgonjwa humjua daktari wake kwa jina, na muuguzi humshukuru. Ama huyu mpiga picha, humwona dakika tano tu, kisha akatoka akasema, "Amebonyeza kitufe, basi." Usemi huo si wa haki. Na kwa kuwa umeenea majumbani mwetu, na madhara yake huwarudia wake zetu na watoto wetu, tumeona yatupasa kuieleza kazi hii na kueleza lipi limpasalo mwenye kuiendea.

Kwanza tujue ya kuwa picha haijipigi. Mpiga picha husoma hati ya daktari, kisha humwuliza mgonjwa jina lake kamili hata kama limeandikwa mbele yake, maana wenye majina yaliyofanana huweza kuketi benchi moja. Huuliza ni mkono gani unaouma, wa kuume au wa kushoto, akatia alama ya upande ule katika picha, kwani kosa la upande laweza kumfanya mtu apasuliwe mahali pazima. Mfupa unaodhaniwa umevunjika huupiga picha mbili kwa uchache, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kwa sababu ufa waweza kujificha katika moja ukaonekana katika ya pili. Na amwambiapo mgonjwa wa kifua, "Vuta pumzi, uizuie," hasemi kwa mazoea tu. Mapafu yakijaa hewa huonekana vizuri, na mwili ukitulia picha hutoka wazi. Mgonjwa akitikisika picha huharibika, ikabidi kupigwa tena. Na kupigwa tena ni kutiwa mionzi mara ya pili. Kisha picha huenda kwa daktari aisomaye, naye hawezi kusoma lisilomo.

Habari ya mionzi hii ilianza Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, mwanachuoni Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi isiyoonekana kwa macho, ipenyayo nyama na kuzuiwa na mifupa. Aliipa jina la herufi X kwa kuwa hakujua ni kitu gani. Tarehe 22 Desemba mwaka ule alipiga picha ya mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa ya vidole na pete juu yake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, nayo ndiyo ya kwanza kutolewa. Wala hakutaka haki ya kuwauzia watu ugunduzi wake. Aliuacha uwafae wote.

Lakini watu waliifurahia mionzi hii kabla ya kuyajua madhara yake. Huko Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliijaribu mitambo kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ikaungua, ikashikwa na saratani, ikakatwa, naye akafa mwaka 1904. Mwaka 1936 katika mji wa Hamburg palisimamishwa mnara wenye majina zaidi ya 160 ya madaktari, wapiga picha, wauguzi na wengineo waliouawa na mionzi. Basi umwonapo mpiga picha wa leo akisimama nyuma ya ukuta, na kifuani amebandika kipimo cha mionzi, ujue ya kuwa adabu hiyo imenunuliwa kwa maisha ya watu.

Hapo wengine hutuuliza, "Kama haina madhara, mbona yeye hukimbia akatuacha ndani peke yetu?" Jawabu ni nyepesi. Wewe wapigwa picha moja au mbili, ukaenda zako. Yeye hupiga picha nyingi kila siku, mwaka kwa mwaka, na lau angalisimama karibu kila mara, yangalimpata yaliyompata Dally.

Ama kiasi chenyewe, ardhi na anga hututia mionzi kila siku, na kwa wastani wa dunia mtu hupata kama milisiveti 2.4 kwa mwaka. Picha moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1 au pungufu, kiasi tukipatacho kwa siku 10 au chache zaidi za kukaa tu duniani. Lakini picha ya tumbo kwa mtambo wa CT yaweza kufika milisiveti 8 au 10, yaani kiasi cha miaka mitatu au minne. Kwa hiyo mwenye kikohozi kisichokwisha asiikimbie eksirei ya kifua. Na aliyeumwa kichwa siku moja asimshike daktari shati amwandikie CT. Kila kitu kwa kipimo chake.

Sasa tufike katika jambo lililotufanya tushike kalamu. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kabla ya kupigwa eksirei, huulizwa: "Je, una mimba, au yawezekana unayo? Siku zako za mwisho zilikuwa lini?" Swali hili limetia ugomvi katika nyumba nyingi. Baba aliyempeleka binti yake hukasirika, akaona binti ametukanwa. Bibi arusi aliyefuatana na mama mkwe wake huinamisha kichwa akasema, "Sina," hali ya kuwa mwezi umempita. Mume naye humjibia mkewe jambo asilolijua.

Enyi akina baba, swali hilo si tuhuma. Huulizwa mwenye mume na asiye na mume, mwenye buibui na asiye nalo, kwa kuwa mpiga picha hana ruhusa ya kuchagua kwa kutazama nyuso. Na sababu yake ni kubwa. Zamani wajawazito walikuwa wakipigwa eksirei ili kupimwa nyonga au kutazama mtoto amelalaje. Huko Uingereza, katika miaka ya 1956 na 1958, daktari mwanamke wa Oxford, Alice Stewart, alionyesha ya kuwa watoto waliopigwa eksirei tumboni mwa mama zao walikufa kwa saratani karibu mara mbili ya wenzao. Wengi hawakumwamini kwa miaka mingi, lakini uchunguzi wa wengine ulikuja kumuunga mkono. Mwaka huo wa 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza namna ya kutazama ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti. Hiyo ndiyo altrasaundi, isiyo na mionzi hii, ambayo leo ndiyo itumikayo kumtazama mtoto aliye tumboni.

Wala tusizidishe hofu. Saratani ya watoto ni jambo la nadra, hata ikizidi mara mbili. Mwanamke aliyepigwa eksirei ya kifua au ya mkono kabla ya kujua ana mimba asidhani mtoto ameharibika, kwani mionzi imfikiayo mtoto hapo ni michache mno. Amwambie daktari, basi. Na maisha ya mama yakiwa hatarini, picha hupigwa hata kama ana mimba, kwa uangalifu. Kinachotakiwa ni kusema kweli kabla. Haya ni pambo la mwanamke, walakini wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Basi mama mkwe atoke nje, baba angoje mlangoni, mume anyamaze, mwanamke ajibu mwenyewe. Na mama mwenye mimba asiwe yeye wa kumshika mtoto mdogo anapopigwa picha. Ashike mwingine, naye avishwe vazi la risasi.

Liko na jambo la vyuma. Mkufu, pini za mtandio na hirizi iliyovikwa bati hutia kivuli katika picha, kikaweza kuficha ugonjwa au kufanana nao. Hukumu ya hirizi si mahali pake hapa. Twasema tu, ivueni. Na katika mtambo wa MRI, utumiao sumaku yenye nguvu maelfu ya mara kuliko ile ya dunia, chuma huua. Mwaka 2001 huko Marekani chupa ya oksijeni iliingizwa katika chumba hicho, sumaku ikaivuta, ikampiga mtoto wa miaka sita akafa. Kwa hiyo ukiulizwa kama una chuma mwilini, usijibu kwa haraka.

Huenda mtu akasema, "Sisi hatukubali wake zetu wavuliwe nguo mbele ya mwanamume." Twajibu: una haki ya kuomba mpiga picha mwanamke, au awepo mwanamke mwingine chumbani, nawe uombe kwa adabu. Lakini mwanamke huyo atatoka wapi? Kazi hii husomewa. Yataka fizikia, kemia na elimu ya viumbe katika sekondari, kisha chuo. Hufundishwa Muhimbili, Dar es Salaam, na Kenya katika vyuo vya KMTC, na stashahada yake huchukua miaka mitatu. Mtu aliyemtoa binti yake shule kidato cha pili, kisha akadai mwanamke wa kumpiga mkewe picha ya matiti, anadai mavuno ya shamba asilolilima. Nasi walimu wa vyuo yatupasa kumpa nafasi mwanafunzi mwenye mtihani wa fizikia, na kumwambia mzazi wake ya kuwa elimu hii itawastiri wanawake wetu.

Basi, msomaji, ukiandikiwa picha, nenda na picha zako za zamani, taja jina lako sawasawa, vua vyuma, tulia uambiwapo utulie, na ujibu kweli kila uulizwalo. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awahifadhi wale wawahudumiao.