Mashine ya Kusafisha Bwawa la Kuogelea Nyumbani: Namna ya Kuichagua na Mipaka ya Kazi Yake

Bwawa la kuogelea huhitaji kazi mbili ambazo wenye nyumba wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuondoa uchafu unaoonekana, kama vile majani, mchanga, nywele na kuvu la kijani linaloota ukutani. Ya pili ni kuua vimelea wasioonekana kwa macho. Mashine inayojiendesha yenyewe hufanya kazi ya kwanza tu. Anayeinunua akidhani imemwondolea na ya pili huweza kuwa na bwawa linalong'aa ambalo bado linaambukiza.

Uhusiano wa uchafu na afya

Klorini haibagui jani na bakteria. Ikikuta majini vumbi, majani, jasho au mkojo, hutumika huko kwanza, na kiasi kinachobaki kwa ajili ya kuua vimelea hupungua. Ikiungana na jasho na mkojo huzaa kemikali ziitwazo kloramini, ambazo huwasha macho na kusababisha kikohozi, hasa kwa wenye pumu. Harufu kali ambayo watu huidhania kuwa ishara ya klorini nyingi, mara nyingi hutokana na kloramini hizo.

Kwenye kuta na ngazi zisizosuguliwa hujijenga utando telezi wa vijidudu. Ndani yake bakteria hujikinga dhidi ya klorini. Mmoja wao, Pseudomonas aeruginosa, husababisha maambukizi ya tundu la sikio na vipele vya ngozi kwa waogeleaji. Aidha, maji yenye ukungu humficha mtoto aliyezama, na msaada humfikia akiwa amekwisha kuchelewa. Kwa sababu hizo, kusafisha bwawa ni sehemu ya kinga ya magonjwa na ajali.

Aina tatu za mashine

Mashine za kunyonya huunganishwa kwa bomba la mpira na tundu la kunyonyea la bwawa, na huendeshwa na pampu iliyopo. Aina hii ilipata umaarufu kupitia Kreepy Krauly, iliyobuniwa Afrika Kusini mwaka 1974 na Ferdinand Chauvier, mhandisi aliyehamia huko kutoka Kongo ya Wabelgiji. Bei yake kwa kawaida ni nafuu kuliko nyingine. Hata hivyo, uchafu wote huishia kwenye kikapu cha pampu na kichujio, hivyo kichujio huhitaji kuoshwa mara kwa mara.

Mashine za msukumo hutumia maji yanayorudi bwawani kutoka kwenye pampu. Zina mfuko wake wa kukusanyia uchafu, na hufaa pale ambapo miembe au mikungu hudondosha majani mengi. Baadhi yake huhitaji pampu ya ziada, jambo linaloongeza gharama ya umeme.

Roboti za umeme zina mota, brashi na kichujio chake, wala hazitegemei pampu ya bwawa. Nyingi husugua sakafu, na baadhi hupanda kuta, hivyo huondoa vizuri vumbi laini na utando telezi. Bei yake ni kubwa, na ni vema kuuliza kabla ya kununua iwapo vipuri na fundi vinapatikana karibu.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua

Uchafu wa bwawa ni wa namna gani? Majani makubwa huelekeza kwenye mashine ya msukumo, ilhali vumbi na kuvu huelekeza kwenye roboti yenye brashi na kichujio cha matundu madogo.

Je, pampu ina nguvu na muda wa kutosha? Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na wastani wa kina cha mita 1.5 hubeba lita 48,000. Pampu inayosukuma lita 8,000 kwa saa huhitaji saa 6 kusukuma ujazo huo mara moja. Umeme unapokatika, mashine inayotegemea pampu husimama, na uchujaji nao husimama.

Nani atakayeihudumia? Mfuko usiomwagwa kila baada ya kazi hugeuka kuwa mahali pa kuzalisha vijidudu. Mtunza bwawa apewe glavu, na anawe mikono kwa sabuni baada ya kuusafisha.

Usalama wa waogeleaji

Mtu yeyote asiingie majini wakati mashine inafanya kazi. Bomba na waya huweza kumnasa mtoto, na mashine inayotembea humvutia kama mwanasesere. Baada ya kazi itolewe na kuhifadhiwa mbali na ukingo.

Tundu la kunyonyea liwe na mfuniko unaojifunga wenyewe mara bomba linapochomolewa. Nguvu ya kunyonya huweza kushika nywele au kiungo cha mtoto na kumzuia chini ya maji. Marekani ilitunga sheria kuhusu vifuniko vya matundu hayo mwaka 2007, baada ya mtoto wa miaka 7 kunaswa katika beseni la maji moto na kufariki mwaka 2002.

Kwa roboti, kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme kikae angalau mita 3 kutoka ukingoni, au mbali zaidi kama mtengenezaji anavyoagiza. Soketi yake ilindwe na swichi inayokata umeme mkondo unapovuja kwa miliampia 30. Waya uliochubuka usifungwe kwa utepe. Ubadilishwe na fundi.

Yale ambayo mashine haiyawezi

Katika maji yenye klorini huru ya miligramu 1 kwa lita, pH ya 7.5 na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, bakteria wengi wa E. coli hufa chini ya dakika moja. Virusi vya homa ya ini aina ya A huchukua dakika 16 hivi, na Giardia dakika 45 hivi. Cryptosporidium, kimelea kinacholeta kuhara, huweza kuishi zaidi ya siku 10. Ukubwa wake ni maikromita 4 hadi 6, hivyo hupenya kwa urahisi vichujio vingi vya nyumbani.

Kwa hiyo klorini na pH zipimwe kila siku bwawa linapotumika. Klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita, au 2 iwapo inatumika klorini yenye kemikali ya kuikinga na jua. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Kemikali mbili tofauti zisichanganywe kamwe, kwani huweza kutoa gesi ya sumu.

Mtu akijisaidia au kutapika majini, waogeleaji wote watoke mara moja. Uchafu huo usinyonywe kwa mashine, kwani vimelea vitabaki ndani ya bomba, brashi na mfuko na kurudishwa bwawani siku inayofuata. Uondolewe kwa wavu au ndoo, chombo hicho kitakaswe, kisha bwawa litibiwe kwa klorini kabla ya kutumika tena.

Kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa mwenye maumivu ya sikio, vipele au kuhara aulizwe iwapo ameogelea siku za karibuni, na wapi. Anayehara asiogelee hadi apone. Aliyethibitika kuwa na Cryptosporidium asubiri wiki mbili zaidi baada ya kuhara kukoma. Familia zenye watoto wadogo zikumbushwe kuwa takriban robo ya wanaokufa maji duniani ni watoto walio chini ya miaka 5. Uzio wa pande zote nne, lango linalojifunga lenyewe na mtu mzima anayetazama vinapaswa kuwapo kabla ya mashine yoyote kununuliwa.