Maji matamu ya mchangani na makaa ya chini ya ardhi

UKISIMAMA Ras Kitau, kwenye ncha ya kisiwa cha Manda, utauona mkondo wa bahari mbele yako, na ng'ambo yake vilima vya mchanga vya Shela. Mgeni huvitazama akafikiria kuogelea na kupiga picha. Mwenyeji wa Lamu huvitazama akafikiria maji ya kunywa.

Siri iko chini ya mchanga huo. Mvua inyeshapo, maji hupenya taratibu na kutulia juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu hukadiria kuwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 hivi chini ya usawa huo. Basi visima vikivutwa kupita kiasi, maji yakashuka kidogo tu juu, chumvi hupanda sana kutoka chini.

Huko huko Manda kuna magofu ya mji wa Takwa, uliohamwa katika karne ya 17. Maji kugeuka chumvi ni miongoni mwa sababu zinazotajwa.

Msomaji atauliza: makaa ya mawe yanaingiaje hapa?

Mwaka 2016 kampuni ya Amu Power ilipewa leseni ya kujenga Kwasasi, upande wa bara wa Lamu, kituo cha umeme wa makaa cha megawati 1,050. Wenyeji walipinga, wakihofia hewa, samaki na majivu yenye sumu ambayo yangeweza kupenya hadi kwenye maji. Juni 26, 2019, Mahakama Maalum ya Mazingira ilifuta leseni hiyo, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi iliunga mkono uamuzi huo.

Lakini makaa hayo yalikuwa yatoke wapi? Mpango ulikuwa kuanza na ya Afrika Kusini, kisha ya Bonde la Mui, Kitui. Na huko yanakochimbwa makaa, maji ndiyo huumia kwanza.

Mgodi unavyokunywa kisima

Mara nyingi makaa hulala chini zaidi ya maji ya visima. Ili wachimbaji wasizame, pampu huvuta maji mchana na usiku, na visima vya jirani hushuka au kukauka. Makaa yakishatolewa, paa la mgodi huweza kuporomoka. Ardhi ya juu hupasuka, na kijito kilichokuwa kikipita hapo huweza kutoweka ndani ya nyufa.

Balaa kubwa zaidi huja baadaye. Ndani ya makaa na miamba yake mna madini ya pairaiti, yenye chuma na salfa. Yakikutana na hewa na maji, hutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini mengine. Mgodi ukifungwa na pampu kuzimwa, mashimo hujaa, na maji hayo makali hutokeza vijitoni yakiwa na rangi ya kutu. Samaki hufa, na uchafu huo huweza kuendelea kwa miongo mingi baada ya kampuni kuondoka.

Haya si ya kubuni. eMalahleni, mji wa Afrika Kusini ambao zamani uliitwa Witbank, umezungukwa na migodi mipya na ya kale. Maji ya asidi kutoka huko yamechafua vijito vinavyoingia Mto Olifants, unaopita mbuga ya Kruger na kuendelea hadi Msumbiji. Mwaka 2007 kulifunguliwa mtambo wa kusafisha maji ya migodini hadi yanyweke. Yasafishika, ndiyo, lakini kwa gharama isiyokwisha.

Sasa tazama Kitui. Huko mito mingi ni ya msimu, na wakati wa kiangazi watu hufukua mchanga wa mto mkavu wapate maji. Mchanga wa Kitui na mchanga wa Shela hufanya kazi moja: huwawekea watu maji. Aliyeko Mui ana haki ya kuuliza maswali yale yale yaliyoulizwa Lamu, na ayaulize kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

Umeme twauhitaji, hilo halina ubishi. Lakini umeme una njia nyingi za kupatikana: jua, upepo na mvuke wa ardhini. Kisima kikiharibika hakina mbadala wa karibu. Wahenga walituonya: maji yakimwagika hayazoleki.