Sauti ya Daytona: V8 Zilizoshika Rekodi na Zinazokuja

Januari 2020, kwenye mbio za saa 24 za Daytona kule Florida, mashabiki wa Corvette walisikia sauti wasiyoizoea. Gari jipya la mashindano, C8.R, halikunguruma kwa ule mdundo mzito wa V8 ya Kimarekani. Lililia kwa sauti nyembamba na kali, kama gari la Kiitaliano. Wanaojua injini hawakuhitaji kuambiwa zaidi. Sauti ile hutoka kwenye krankshafti bapa, ambayo viwiko vyake vyote vimelala kwenye bapa moja badala ya kupangwa kwa umbo la msalaba. Wakabashiri kwamba injini hiyo ya lita 5.5 itaingia kwenye Corvette ya kuuzwa barabarani. Oktoba 2021 Chevrolet ikaionyesha Z06, na injini ilikuwa ileile.

Naanzia hapo kwa sababu uvumi wa injini zijazo umekuwa mwingi kuliko injini zenyewe. Kila wiki kuna anayedai kuona karatasi ya siri au picha ya gari lililofunikwa turubai. Lakini ubashiri wa kweli una mizizi: sauti iliyosikika uwanjani, fedha zilizotengwa kwa kiwanda, sheria ya moshi inayokaribia kuanza. Ukivifuata hivyo vitatu, hutapotea sana.

Injini ile ya Z06 inaitwa LT6, na kwangu ndiyo rekodi inayostahili heshima kuliko zote nitakazozitaja. Inatoa nguvu ya farasi 670 bila turbo wala supachaja, kwa kuvuta hewa yake yenyewe tu. Hakuna V8 ya aina hiyo iliyowahi kuwekwa kwenye gari la kuuzwa ikaizidi. Kabla yake taji lilikuwa la Mercedes SLS AMG Black Series ya mwaka 2013, farasi 622 kutoka lita 6.2. LT6 imeipita ikiwa na ujazo mdogo zaidi, kwa sababu inazunguka hadi mara 8,600 kwa dakika. Kasi hiyo ina gharama yake. Konrodi zake ni za titani ili ziwe nyepesi, pistoni zimefuliwa, na kila injini huunganishwa kwa mkono na fundi mmoja, mwanzo hadi mwisho, katika kiwanda cha Bowling Green, Kentucky.

Nani ataivunja rekodi hiyo? Naamini hakuna. Watengenezaji karibu wote wameshahamia kwenye turbo na mota za umeme, na hakuna dalili kwamba kuna mwingine anayetenga fedha kwa V8 kubwa isiyo na turbo ya kufukuza idadi ya farasi.

Chevrolet wenyewe waliichukua LT6, wakaifunga turbo mbili, wakaiita LT7. Ikafika farasi 1,064, nyingi kuliko V8 yoyote iliyowahi kutoka kiwandani kwa kampuni ya magari ya Marekani. Dodge Demon 170 ya mwaka 2023 ilikuwa na 1,025, tena ilizifikisha kwa kunywa mafuta yaliyochanganywa na ethanoli. Oktoba 2024, kwenye uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani, Corvette ZR1 yenye LT7 ilifika kilomita 375 kwa saa. Aliyeshika usukani alikuwa Mark Reuss, rais wa General Motors mwenyewe, kampuni mama ya Chevrolet.

Kisha vita vikahamia Nürburgring, duara la kilomita 20.8 lenye kona zisizohesabika. Ford walitangulia: Mustang GTD ya farasi 815 ikawa gari la kwanza la Kimarekani la barabarani kushuka chini ya dakika 7, na mwaka 2025 ikarudi na kuandika 6:52.072. Haikukaa na rekodi hiyo ya Kimarekani muda mrefu. Mwaka huohuo Corvette ZR1X, yenye LT7 nyuma ya dereva na mota ya umeme inayosukuma matairi ya mbele, farasi 1,250 kwa jumla, ilizunguka kwa 6:49.275. Kilichonigusa ni kwamba dereva wake hakuwa mwanamashindano wa kulipwa. Alikuwa mhandisi wa kampuni, Drew Cattell, mmoja wa watu walioliunda gari hilohilo.

Nje ya Marekani kuna vilele vingine, nivitaje haraka. Kwa kuzunguka, GMA T.50 ya Gordon Murray: V12 ya lita 3.9 iliyotengenezwa na Cosworth, yenye uzito wa kilo 178 tu, inafika mizunguko 12,100 kwa dakika. Kwa silinda nyingi, Bugatti Tourbillon yenye V16 ya lita 8.3, karibu farasi 1,000 bila turbo, kabla hujajumlisha umeme. Kwa udogo wenye nguvu, Mercedes-AMG walikamua farasi 469 kutoka lita 2 na silinda nne. Wakaiweka kwenye C63, gari ambalo wateja wake walilipenda kwa V8 yake, na wengi hawakupendezwa.

Hilo linanipeleka kwenye pikapu, maana hapo takwimu na moyo wa mnunuzi viligongana hadharani.

Pikapu haipimwi kwa farasi peke yake. Inapimwa kwa nguvu ya msokoto, ile inayouondoa mzigo pale uliposimama. Rekodi ya pikapu za dizeli ni ya Ford Super Duty: Power Stroke ya lita 6.7, V8, inatoa Newton-mita 1,627 na farasi 500, na F-450 inaruhusiwa kuvuta tela la tani 18. Zile za kurukia matuta ya jangwani zina mashindano yao. Ram TRX ilikuja na farasi 702 kwa mwaka wa modeli 2021, Ford wakajibu kwa Raptor R ya 700, kisha wakaipandisha hadi 720.

Halafu Ram wakafanya jambo ambalo kwenye karatasi lilikuwa sahihi kabisa. Waliiondoa V8 yao ya Hemi ya lita 5.7 kwenye Ram 1500 za mwaka 2025, wakaweka Hurricane, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 3, turbo mbili. Hurricane ya kawaida ina farasi 420, Hemi ina 395. Kwa msokoto pia Hurricane iko mbele. Wanunuzi wakanuna. Juni 2025 bosi wa Ram, Tim Kuniskis, alitangaza kwamba Hemi inarudi kwa modeli za 2026 na akakiri wazi kwamba walikosea. Magari hayo yalipewa nembo ya kichwa cha kondoo dume kinachochomoza kutoka kwenye injini, wakaiita alama ya kupinga. Injini dhaifu kwa takwimu ilirudishwa kwa matakwa ya watu. Anayebashiri injini zijazo kwa kutazama jedwali tu, hilo hawezi kuliona likija.

Huku kwetu jambo hili halihitaji kuelezwa sana. Tanzania na Kenya, "V8" si aina ya injini tena, ni jina la gari: ile Land Cruiser ya waheshimiwa, shangingi la misafara. Toyota waliiondoa V8 walipoileta Land Cruiser 300 mwaka 2021, wakaweka V6 yenye turbo mbili, lakini jina halikubadilika midomoni mwa watu. Nao Toyota hawajaitupa V8. Desemba 2025 walionyesha GR GT, yenye V8 mpya ya lita 4, turbo mbili na mota ya umeme, na lengo lao ni kuvuka farasi 640. Pia wana injini ndogo mpya ya lita 2 yenye turbo, waliyoionyesha Januari mwaka huohuo ikiwa imefungwa katikati ya GR Yaris ya majaribio. Nadhani hiyo ndogo ndiyo itakayosambaa kwenye magari mengi.

Ila ubashiri mzito kuliko wote uko Tonawanda, karibu na mji wa Buffalo, jimbo la New York. Mwaka 2021 General Motors walisema wanataka kufikia 2035 magari yao mepesi yawe hayatoi moshi. Mwaka 2023 wakatenga dola milioni 579 kwa kiwanda cha Flint ili kitengeneze kizazi cha sita cha V8 yao ndogo, ukoo ulioanza mwaka 1955 na injini ya lita 4.3 na kufikisha injini milioni 100 mwaka 2011. Mei 2025 wakaongeza dola milioni 888 kwa Tonawanda, kiwanda kilichokuwa kimepangiwa kutengeneza mota za umeme. Hakuna kiwanda cha injini cha kampuni hiyo kilichowahi kupewa fedha nyingi kama hizo kwa mara moja. Uzalishaji umepangwa kuanza 2027.

Kampuni imeahidi nguvu zaidi, matumizi madogo ya mafuta na moshi mchache. Mengine ni minong'ono: wapo wanaotaja lita 5.7, wapo wanaotaja lita 6.6 au zaidi. Mimi naelekea kwenye ujazo mkubwa. Sheria za moshi zinazidi kuwabana wanaopoza injini kwa kuimwagia petroli ya ziada inapoelemewa, na njia nyepesi ya kupata nguvu bila hila hiyo ni kuongeza lita.

Lakini kuna deni la kulipwa kwanza. Aprili 2025 General Motors waliyaita magari karibu 600,000 nchini Marekani, pikapu na magari makubwa ya 2021 hadi 2024 yenye V8 ya lita 6.2 iitwayo L87. Kasoro zilikuwa kwenye krankshafti na konrodi, na injini ilikuwa inaweza kufa barabarani. Zilizobainika kuwa mbovu zilibadilishwa injini nzima. Zilizopita ukaguzi zilimwagiwa oili nzito zaidi, 0W-40 badala ya 0W-20. Mwenye pikapu iliyofungiwa tela la ng'ombe hapati usingizi kwa habari ya farasi mia saba. Injini ya kwanza ya kizazi cha sita itakapotoka Tonawanda, nitauliza kwanza beringi zake zimepimwaje na kitabu chake kinataja oili gani. Habari za farasi zitafuata.